Sarafu Inayogharimu Kuliko Thamani Yake

Tarehe 12 Novemba 2025, katika kiwanda cha serikali kilichoko Philadelphia, Marekani ilifua sarafu zake za mwisho za senti moja kwa ajili ya matumizi ya kila siku. Sarafu hiyo ilianza kufuliwa mwaka 1793, na tangu nusu senti ilipofutwa mwaka 1857 ndiyo iliyokuwa fedha ndogo kuliko zote katika nchi ile. Sababu iliyotolewa inaeleweka na kila mfanyabiashara: katika mwaka wa fedha 2024 kila sarafu ya senti moja iligharimu senti 3.69 kuitengeneza na kuifikisha kwenye mzunguko, na kwa kuwa zilitengenezwa zaidi ya bilioni tatu, hasara ya mwaka mmoja ilifika dola milioni 85.3.

Nimeifuatilia habari hii kwa makini kwa sababu hesabu hiyo inazikabili benki kuu zote zinazotoa sarafu, ikiwemo yetu ya Tanzania, na kwa sababu naamini kwamba Marekani ilifanya vizuri kuacha kuifua senti, lakini ikakosea sana katika namna ya kuiacha. Kosa hilo sisi tunaliishi tayari, tena kimyakimya.

Wengi hudhani kwamba sarafu inakuwa ghali kwa sababu ya madini yaliyomo ndani yake, na kwamba dawa ni kutafuta madini ya bei nafuu. Tuipime senti yenyewe. Ilikuwa na uzito wa gramu 2.5. Tangu mwaka 1982 asilimia 97.5 ya uzito huo ilikuwa zinki, na shaba ilikuwa ganda jembamba tu la kuipa rangi ambayo watu walikwisha kuizoea. Mwaka 2024 zinki iliuzwa kwa takribani dola 2,800 kwa tani. Kwa bei hiyo, zinki iliyomo ndani ya sarafu moja haifiki hata robo tatu ya senti, na ukiongeza ile shaba kidogo bado huifikii senti moja. Kwa maneno mengine, hata kama zinki ingetolewa bure, sarafu ile bado ingegharimu karibu senti tatu.

Senti hizo tatu ziko kwenye kazi. Zinki inayeyushwa na kuviringishwa kuwa bamba refu. Bamba linakatwa viduara. Viduara vinaoshwa na kupakwa shaba kwa njia ya umeme ndani ya mapipa ya kemikali. Vinasafirishwa kutoka Tennessee, vilikokuwa vikitengenezwa na kampuni binafsi, hadi kwenye viwanda vya Philadelphia na Denver. Vinapigwa chapa na mihuri ya chuma kigumu ambayo nayo huchakaa na kubadilishwa. Kisha sarafu zinahesabiwa, zinapakiwa na kupelekwa kwenye mabenki. Hakuna hata hatua moja kati ya hizo inayopungua kwa kuwa sarafu ni ya thamani ndogo. Sarafu elfu moja za senti moja zina uzito wa kilo mbili na nusu na thamani ya dola kumi. Mzigo wenye uzito huo huo wa sarafu za robo dola una thamani ya dola 110. Lori linakunywa mafuta yale yale.

Historia ya senti hiyo ni historia ya kubadilisha madini mara kwa mara, na kila mara jambo jipya lilijitokeza. Mwaka 1943, shaba ilipohitajika kwa vita, ilifuliwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Ikashika kutu upesi, na watu wakaichanganya na sarafu ya senti kumi. Miaka ya 1970, bei ya shaba ilipopanda, zaidi ya sarafu milioni moja na nusu za aluminiamu zilifuliwa zikiwa na tarehe ya 1974, lakini hazikutolewa kamwe. Wenye mashine za kuuzia vinywaji walipinga. Madaktari wa watoto nao walionya kwamba mtoto akimeza sarafu ya aluminiamu haitaonekana vizuri kwenye picha ya eksirei. Baadaye ndipo ikaja zinki, ambayo iliipunguzia senti uzito wa zaidi ya nusu gramu na kuiokoa kwa karibu robo karne, hadi mwaka 2006, gharama ilipoipita thamani yake na haikurudi chini tena. Mwaka 2010 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuitaka Hazina itafiti madini mbadala na kutoa taarifa kila baada ya miaka miwili. Jibu la watafiti kuhusu senti lilikuwa wazi: hakuna madini yoyote yatakayoishusha gharama yake chini ya thamani yake.

Jambo ambalo madini hayawezi kulirekebisha ni kwamba senti hairudi. Mteja anapewa senti tatu kama chenji, anazitupia kwenye chupa nyumbani, na hazionekani tena. Muuzaji anahitaji nyingine kesho, benki inaagiza, kiwanda kinafua. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya sarafu zote zilizokuwa zikifuliwa Marekani kwa mwaka zilikuwa za senti moja, ingawa zaidi ya bilioni mia moja zilikuwa tayari mikononi mwa watu. Sarafu inatakiwa kufanya kazi kwa miaka ishirini au thelathini, na gharama yake igawanywe kwa maelfu ya malipo itakayofanya. Ikitumika mara moja tu, kutoka benki hadi dukani na kutoka dukani hadi kwenye chupa, gharama yote inaangukia malipo hayo mamoja. Hapo hata sarafu ya bei rahisi mno ni ghali.

Sarafu ya senti tano ya nchi hiyo hiyo ni mgonjwa wa namna nyingine. Ina uzito wa gramu tano, robo tatu shaba na robo moja nikeli. Ukichukua shaba kwa dola 9,000 kwa tani na nikeli kwa dola 17,000, bei za kukaribiana na zile za mwaka 2024, madini peke yake yanafika senti tano na nusu kabla mfanyakazi hajaigusa. Gharama yake yote mwaka huo ilikuwa senti 13.78. Serikali ya Marekani ilikwisha kuona hatari hiyo tangu zamani, ndiyo maana mwishoni mwa mwaka 2006 ilipiga marufuku kuyeyusha sarafu za senti moja na senti tano. Na hapa pana mtego ambao watetezi wa kuifuta senti hawakuuzungumzia vya kutosha: mwaka 2024 kila senti tano mpya iliipa serikali hasara ya senti 8.78, ambayo ilikuwa kubwa kuliko hasara ya sarafu tatu za senti moja. Kama kuondoka kwa senti kutawafanya wafanyabiashara wahitaji senti tano nyingi zaidi, sehemu ya akiba itapotelea huko. Hazina yenyewe ilikadiria kuokoa dola milioni 56 kwa mwaka, si zile 85 za hasara, na kwa mtu yeyote aliyewahi kuendesha kiwanda hilo halishangazi, maana kodi ya jengo, mishahara ya walinzi na umeme haviondoki kwa sababu bidhaa moja imeachwa. Vinagawanywa upya kwa bidhaa zilizobaki.

Kwa sarafu kama hiyo ya senti tano, kubadilisha madini kunasaidia kweli, na Uingereza imeonyesha namna yake. Sarafu zao ndogo, peni moja na peni mbili, zimekuwa za chuma kilichopakwa shaba tangu mwaka 1992. Mwaka 2012 peni tano na peni kumi nazo zikaacha mchanganyiko wa shaba na nikeli, zikawa za chuma kilichopakwa nikeli. Kinachonivutia ni uangalifu uliotumika. Chuma ni chepesi kuliko mchanganyiko wa zamani, na mabenki hupima mifuko ya sarafu kwa mizani badala ya kuhesabu moja moja. Kwa hiyo ili uzito ubaki ule ule, sarafu mpya ziliongezwa unene kidogo, peni kumi ikitoka milimita 1.85 na kufika milimita 2.05. Tofauti ya milimita 0.2 haionekani kwa mtu anayelipa nauli. Kwa mashine ya kuegeshea magari ni jambo kubwa, kwa kuwa mashine hutambua sarafu kwa unene, kipenyo na jinsi madini yake yanavyopitisha umeme na sumaku. Halmashauri na wenye mashine walilazimika kuzirekebisha kwa fedha zao. Akiba ya Hazina ikawa, kwa kiasi fulani, gharama ya mtu mwingine.

Kanada ilikwenda mbali zaidi. Ilibuni njia ya kukipaka chuma tabaka kadhaa nyembamba za shaba na nikeli kwa kupokezana, ili sarafu iwe nafuu na bado mashine iitambue, na tangu mwaka 2000 ikaanza kuzifua hivyo sarafu zake ndogo. Kisha ikafanya jambo la busara sana: ilianza kuzikusanya sarafu za zamani zenye nikeli na shaba nyingi zinaporudi benki, ikaziondoa kwenye mzunguko na kuyauza madini yake, huku nafasi yake ikichukuliwa na zile za chuma. Sarafu kuukuu ikawa inalipia sarafu mpya.

Afrika Mashariki nayo imo katika historia hii, tena mapema. Mwaka 1907 himaya za Uingereza za Afrika Mashariki na Uganda zilipata sarafu ya senti moja ya aluminiamu, miongoni mwa sarafu za mwanzo kabisa za madini hayo duniani. Aluminiamu ilikuwa nyepesi na nafuu, na tundu lililoachwa katikati lilipunguza madini na kumwezesha mtu kuzitunga sarafu kwenye uzi. Kwenye makaratasi ya London hesabu ilikuwa nzuri. Katika joto na unyevunyevu wa huku, pamoja na jasho la mikono, aluminiamu ililika na kuchakaa, na haikuchukua muda sarafu hiyo ikafuliwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Tundu lilibaki; wazee wetu walizitumia senti tano na senti kumi zenye tundu mpaka miaka ya 1960, kabla ya nchi zetu kutoa fedha zao wenyewe. Kwa maoni yangu tundu lile ndilo ubunifu bora wa kupunguza gharama ulioletwa katika sarafu za ukanda huu, kwa sababu lilipunguza madini bila kupunguza kipenyo, na lilimwezesha asiyejua kusoma, au asiyeona, kuitambua sarafu kwa kuigusa.

Pale ambapo madini hayawezi tena kusaidia, nchi huiondoa sarafu. New Zealand iliondoa senti moja na senti mbili mwaka 1990, kisha mwaka 2006 ikaondoa senti tano na wakati huo huo ikazipunguza ukubwa sarafu za senti kumi, ishirini na hamsini na kuzifanya za chuma kilichopakwa madini mengine. Ufini haikuzitumia kamwe senti moja na senti mbili za yuro katika biashara ya kawaida. Uholanzi, Ireland na Ubelgiji zimefuata. Kanada ilifua senti yake ya mwisho Mei 2012 na kuacha kuisambaza Februari 2013, ilipokuwa ikigharimu senti 1.6.

Siri ya mafanikio yao imo katika utaratibu wa malipo uliotangazwa kabla, ulio mwepesi kiasi kwamba unatosha kwenye karatasi moja ukutani. Nchini Kanada kila bidhaa inabaki na bei yake kamili. Jumla inapigwa, kodi inaongezwa, na ndipo, kwa anayelipa fedha taslimu tu, jumla hiyo inasogezwa hadi tano iliyo karibu: ikiishia na moja au mbili inashuka hadi sifuri, ikiishia na tatu au nne inapanda hadi tano, sita na saba zinashuka hadi tano, nane na tisa zinapanda hadi kumi. Anayelipa kwa kadi analipa kamili hadi senti ya mwisho. Mteja leo anapoteza senti mbili, kesho anapata senti mbili, na kila mtu anajua sheria ni ipi.

Marekani haikufanya hivyo. Amri ya kuacha kufua ilitoka kwa Rais Trump Februari 2025, agizo la mwisho la viduara vitupu likatolewa Mei, na hadi mashine zinasimama hapakuwa na sheria ya nchi nzima ya kusogeza jumla. Baadhi ya vituo vya kusambazia sarafu viliacha kutoa senti, maduka yakaanza kuishiwa, na kila mwenye duka akajitungia utaratibu wake. Wengine walishusha jumla kila mara na kubeba hasara wenyewe. Wengine waliwaomba wateja waje na fedha kamili. Wale wanaopokea wateja wa msaada wa chakula wa serikali walikuwa na shida ya ziada, kwa kuwa kanuni za mpango huo zinakataza mteja wa msaada kutozwa tofauti na mteja mwingine, na mteja wa fedha taslimu anaposhushiwa senti mbili, usawa huo unavunjika. Yote haya yangeweza kuzuiwa kwa ukurasa mmoja wa sheria.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu hapa kwetu Tanzania sarafu ndogo ziliondoka bila hata amri. Shilingi tano, kumi na ishirini hutazikuta kwenye droo ya muuza duka, lakini bei zinazozihitaji zipo kila siku. Bei kikomo za mafuta zinazotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila mwezi mara nyingi haziishii kwenye sifuri. Kenya hali ni hiyo hiyo: sarafu mpya zilizozinduliwa Desemba 2018 zinaanzia shilingi moja yenye twiga, ilhali bei za mafuta zinazotangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati ya huko, zina senti. Katika duka moja kubwa ninalonunua mahitaji ya nyumbani, risiti huandikwa hadi shilingi ya mwisho, na chenji ikikosekana mhudumu husukuma peremende mbili juu ya kaunta bila kuuliza. Sijawahi kuona mhudumu akikubali kupokea peremende hizo hizo kama malipo. Wakati mwingine huambiwa tu kwamba chenji hakuna, na foleni nyuma inakuwa ndefu kiasi kwamba mtu anaona aibu kudai shilingi arobaini. Jumla inasogezwa, ndiyo, lakini inasogezwa upande mmoja.

Anayeumia zaidi ni mnunuzi wa vitu vya kupima. Mtu anayenunua sukari robo, mafuta ya kula ya kipimo kidogo na kiberiti kimoja anafanya malipo mengi madogo kwa siku, na kila malipo yanapitia kwenye sarafu. Bei ya kipimo kidogo kabisa haiwezi kuwa chini ya sarafu ndogo inayopatikana. Hamsini ikianza kuadimika, kila kitu cha hamsini kinakuwa cha mia, na hakuna takwimu ya gharama za kufua sarafu itakayoonyesha kwamba mama yule amelipa mara mbili. Kwa hiyo benki kuu inapohesabu gharama ya kuifua sarafu ndogo, ni haki ihesabu pia gharama ya kukosekana kwake.

Kwamba upungufu huo una bei yake, utaiona ukisimama katika vituo vya daladala vya Dar es Salaam. Wapo watu wanaouza chenji. Sarafu zimepangwa mafungu mafungu, konda anatoa noti na kupokea sarafu zenye thamani pungufu kidogo ya noti yake, kisha anakimbilia gari. Siwalaumu wauzaji hao. Wanafanya kazi ambayo mabenki yetu hayajaifanya, ya kuzikusanya sarafu zilizolala na kuzirudisha zinakohitajika. Lakini kila sarafu wanayoirudisha ni sarafu ambayo haikuhitaji kuagizwa upya, na faida hiyo ya taifa inalipwa kutoka mfukoni mwa konda.

Uamuzi mmoja wa Benki Kuu ya Tanzania naupongeza bila kusita. Mwaka 2014 ilianza kutoa sarafu ya shilingi 500, yenye sura ya Sheikh Abeid Amani Karume upande mmoja na nyati upande wa pili, ili kuchukua nafasi ya noti ya kiasi hicho. Jero ya noti ilikuwa inapita mikono mingi kuliko noti nyingine yoyote: ikikunjwa ndani ya viganja vya makonda, ikilowa jasho, ikifungwa kwenye pindo la kanga, ikirudi benki imechakaa kabla ya wakati wake. Sarafu ya chuma kilichopakwa nikeli inagharimu zaidi siku ya kwanza, lakini inavumilia miaka mingi. Uamuzi kama huo unategemea mikono ya watu wa nchi husika. Marekani ilipopima mwaka 2019 kama inafaa kubadilisha noti ya dola moja kuwa sarafu, wakaguzi wa serikali walikuta kwamba serikali ingepata hasara, kwa kuwa noti zao sasa zinadumu muda mrefu zaidi kuliko zamani. Kwetu jero haikuwa na maisha hayo.

Ninachokiomba kwa Benki Kuu ni hatua mbili ambazo hazihitaji kufua sarafu hata moja mpya. Ya kwanza ni utaratibu rasmi wa kusogeza jumla hadi hamsini iliyo karibu kwa malipo ya fedha taslimu pekee, pungufu ya ishirini na tano ishuke na ishirini na tano kwenda juu ipande, ubandikwe kwenye kila kaunta na kila pampu ya mafuta, huku anayelipa kwa simu akilipa kiasi kamili kilichoandikwa. Ya pili ni kuyataka matawi ya mabenki yapokee sarafu kutoka kwa mteja yeyote bila makato na bila kumtaka azipange kwanza kwa idadi maalumu, kisha yaziuze kwa thamani yake kamili kwa makonda, wauza maduka na mama lishe, asubuhi mapema, kabla biashara hazijafunguliwa.